Siku Limau Liliporudi

Jabe, Bujumbura
20 Mei 2001

Spès mpenzi,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Baba yangu amekufa. Alikufa tarehe tatu mwezi wa tatu, kwenye barabara ya kutoka Kigali, na mimi nimelijua hilo tangu tarehe kumi na tisa ya mwezi uleule. Mama hajui. Mama bado anamngoja.

Nimeandika. Nilidhani mkono utakataa.

Unamkumbuka fundi Musafiri, yule mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akisafiri na baba kuangalia injini ya lori? Alinisubiri sokoni hapa Jabe, karibu na wauza nyuzi. Nilimwona nikafurahi, nikatafuta baba nyuma yake. Akasema, “Usitafute, mutoto wangu.” Lori lilipigwa risasi mlimani, kabla ya kufika Bugarama. Baba alifia kwenye usukani. Musafiri na watu wa kilima kile walimzika kando ya shamba la kahawa, wakamlaza kuelekea Kibla kadiri walivyoweza kukisia. Kisha akanipa koti la baba limekunjwa, akasema, “Mwambie mama yako. Mi siwezi kumutazama mu macho.” Kesho yake alivuka kwenda Uvira kwa watoto wake.

Ndani ya koti mlikuwa na kofia ya baba na boksi moja la manukato, jipya, halijafunguliwa.

Boksi hilo ni langu, Spès. Tulipomaliza mtihani baba aliniuliza nataka zawadi gani. Unanijua, nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, alipokuwa anafunga turubai la lori, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nataka manukato kama ya mama. Alicheka, akasema sawa. Musafiri aliniambia walikuwa wameshatoka Kigali mjini baba alipokumbuka. Akageuza lori. Walipofika Kayanza, msafara wa magari yanayosindikizwa na askari ulikuwa umeondoka muda mrefu. Baba hakutaka kulala njiani. Wakapanda peke yao.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mama anayo chupa yake ile ya zamani, umeiona kabatini, yenye picha ya limau lililokatwa na ua jeupe. Baba alimletea miaka minne iliyopita. Kila siku, akishaswali alasiri, anaoga, anajipaka nyuma ya masikio na kwenye viganja vya mikono, anapitisha kidole chenye unyevu kwenye upindo wa kanga, halafu anakaa kwenye benchi mlangoni, kama alivyokuwa akifanya siku ambazo lori linategemewa. Harufu ile inaingia hadi chumbani kwangu. Zamani ilimaanisha baba anakuja. Sasa ikifika saa kumi natamani kuziba pua.

Nilinyamaza siku ya kwanza kwa woga. Siku ya pili mama alikuwa na homa. Baadaye sikujua tena nianzie wapi. Juma lililopita jirani yetu Khadidja alimwambia, “Mama Mwantum, miezi inaenda. Pengine ukae eda.” Eda ni siku za mjane kwetu: miezi minne na siku kumi anabaki nyumbani, hajipambi, na manukato hayagusi kabisa. Mama akaleta chupa, akaionyesha kwenye mwanga. “Sulemani aliniambia, hii ikiisha ntakuletea ingine. Hajanidanganya hata siku moja. Ikikauka kabla hajarudi, hapo nitakaa eda.”

Imebaki upana wa vidole viwili, Spès. Niambie la kufanya.

Rafiki yako,
Mwantum

*

Kigoma
2 Juni 2001

Mwantum wangu,

Barua yako nimeisoma nyuma ya duka, nimekaa juu ya gunia la chumvi, na shangazi Caritas akaniuliza mara mbili kama nina malaria. Yoo, Mwantum! Miezi miwili unabeba kitu kama hicho na mdomo umefunga! Wewe hata mwalimu alipokuita ubaoni ulikuwa unajibu chaki, siyo darasa. Mzee Sulemani. Bado namwona akituletea ndizi mbivu kutoka Cibitoke na kuniita “Spesi wa karne”. Namlilia kutoka huku.

Sasa nisikilize. Kwanza, hukumwua baba yako. Aliyemwua ana bunduki, wewe ulikuwa na haja ya kunukia vizuri. Sitarudia hilo, kwa sababu najua hutaliamini, lakini limeandikwa na utalisoma tena.

Pili, mama. Unasema hataamini mpaka chupa ikauke. Na wewe unayo chupa nzima ya kitu kilekile chini ya godoro. (Nakujua, iko chini ya godoro.) Basi mimina! Kidogo kidogo, asione. Utapata muda wa kukusanya maneno. Sikwambii umdanganye maisha yote, nakwambia mpaka upate nguvu ya kusema. Wewe kwa kila jambo unahitaji siku mbili. Kwa hili chukua miezi miwili.

Mimi niko salama. Nauza sabuni, vitenge na dawa za nywele, na Kiswahili changu cha Bujumbura wanakicheka kila siku. Jana nilisema “apana” mteja akaita wenzake waje kusikia. Naitikia kwa kupandisha bei.

Nipake tone moja kwenye karatasi ukijibu. Nataka kusikia harufu ya nyumba yenu. Mpe barua Shaabani wa vitenge, boti yake inakuja kila wiki mbili, Mungu akipenda na injini ikipenda.

Wako,
Spès

*

Jabe
19 Juni 2001

Spès mpenzi,

Nimefanya ulivyosema, na natamani nisingefanya.

Alhamisi, tarehe kumi na nne, mama alikwenda kwa Khadidja kumsaidia kuchambua mchele. Nilitoa boksi (ndiyo, chini ya godoro) na nikalifungua kwa mara ya kwanza. Kabla ya kumimina nilijipaka tone moja mkononi, nikakaa nalo kitandani kama mtu anayesoma somo. Ngoja nikueleze, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza. Mwanzo ni limau tupu, kali, kama ganda linapominywa karibu na jicho. Hilo halikai hata robo saa kwenye joto hili letu. Kisha yanatoka maua, ya mchungwa nadhani, matamu lakini si ya kuudhi, na hayo yanakaa sana. Hata jasho halikuyaharibu, yalizidi tu kuwa karibu na ngozi. Mwisho kabisa hubaki kitu ambacho sijui nikiiteje, kama shati safi la mtu aliyeketi juani. Ni manukato mepesi. Hata mtu mwenye haya anaweza kuyavaa, hayamtangulii mlangoni. Baba alijua.

Nikamimina kwenye chupa ya mama kwa bomba safi la sindano, kiasi cha kidole kimoja. Nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Saa kumi mama akaoga, akajipaka. Nilikuwa uani nafua. Nikasikia anaita, “Sulemani?”

Siyo kwa kilio. Aliita kama unavyoita mtu aliyeingia bila kubisha. Nikaja na povu mikononi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono uko puani. Akanipita kama hanioni. Akatazama nyuma ya mlango, mahali baba alipokuwa akitundika koti. Akaingia jikoni, akaingia chumbani kwangu, akasimama karibu na kitanda changu, Spès, palepale penye lile godoro. Akasema polepole, “Amepita hapa. Ni kama siku ile aliyonifungulia hii chupa.”

Nikamwambia, “Mama, hakuna mtu.”

Akatazama povu mikononi mwangu, kisha uso wangu. “Ndiyo,” akasema. “Hakuna mutu.”

Jioni hiyo hakukaa mlangoni. Alikaa sebuleni, mikono imelala mapajani, viganja juu, mpaka tone lile likaisha kwenye ngozi yake. Tangu hapo ananiangalia nikipita, na mimi nimeanza kuamini kwamba kweli kuna mtu nyumbani. Ikifika alasiri harufu inasimama pale nyuma ya mlango hata kama chupa imefungwa. Nimevuta pumzi nikiwa mbali, nikiwa karibu, ipo.

Tone lako liko kwenye kona ya chini. Usilifute kwa kidole.

Mwantum

*

Kigoma
1 Julai 2001

Mwantum, simama. Usimimine tena hata tone!

Barua yako nimeifungua nikatia pua kwenye kona. Maua nimeyapata kidogo, na lile shati lako la juani nimelipata. Limau, hakuna. Nikampa shangazi Caritas anuse, nikamwambia ni barua ya rafiki yangu mwenye limau kali sana. Akanicheka. Miaka kumi anauza haya mambo. Anasema limau ndilo linalotangulia kufa. Kwenye ngozi linakufa upesi, na kwenye chupa pia linakufa, polepole, chupa ikishafunguliwa na ikikaa kwenye joto. Ndiyo maana wanawake wanamrudishia chupa za mwaka juzi wakidai amewauzia bandia.

Unanielewa? Chupa ya mama ina miaka minne. Ndani yake limau lilishakufa zamani, yamebaki maua tu. Ameizoea hivyo, kila siku, bila limau. Halafu wewe, kwa ushauri wa rafiki yako mwenye akili nyingi, ukalirudisha. Mama hajaona pepo. Amenusa chupa mpya.

Kosa ni langu. Mwambie kabla hajakuuliza. Mwambie leo.

Spès

*

Jabe
14 Julai 2001

Kwa mutoto wangu Spès,

Salamu nyingi. Mi siko mutu wa kuandika sana, utanisamehe. Shaabani ananiambia ndiye anabebaga barua zenu, nimemuomba abebe na yangu, na Mwantum asijue. Barua yako ya mwisho bado iko kwake, boti iliharibika, ameikuta mu mfuko wake imelowana. Anaianika. Nilimwambia ampe mwenyewe mu mkono. Sikuifungua.

Najua Sulemani amekufa.

Nilijua siku ile ya Alhamisi nilipojipaka. Ile chupa yangu mi naijua kama naijua sauti yangu, limau yake iliisha miaka miwili nyuma. Ile siku limau imerudi. Kwanza, Mungu anisamehe, nilifikiri ni yeye, nikamwita. Nikamutafuta mu nyumba yote kama mwenda wazimu. Kisha nikamuona mutoto na povu mu mikono, na uso wake. Basi nikaelewa kama chupa mupya imefika na aliyeibeba hakufika. Angefika, angenipa mwenyewe na kelele zake.

Nikaulizia kwa bibi wa sheikh, bila kusema ni nani. Akasema eda inahesabiwa kuanzia siku mume alikufa. Mi ile siku siijui. Kwa hiyo nimeanza na siku limau imerudi. Siendi fasi yoyote, niko nyumbani tu, sijipaki, siweki hata mafuta ya kunukia. Watu hawajui, sababu na hii vita saa ya kufunga njia ikifika kila mutu yuko ndani, nani atajua huyu amekaa eda na huyu anaogopa risasi? Nasikia milio upande wa Kigobe, nafunga dirisha, nahesabu siku zangu. Zitaisha tarehe makumi mbili ya mwezi wa kumi.

Sasa sikia kitu nakuandikia. Kabla ya kuondoka Sulemani aliniambia, “Zubeda, Mwantum kaniomba kitu.” Nikasema, kitu gani? Akasema, “Chupa kama yako. Kaniomba na mudomo wake.” Alikuwa na furaha, Spès, alizunguka nayo nyumba nzima. Yule mutoto haombagi kitu tangu kuzaliwa. Alipokuwa mudogo tulikuwa tunajua ana njaa kwa kumuona anatazama sufuria. Baba yake alisema, “Hata nikiikosa Kigali nitaifuata Kampala.”

Kwa hiyo najua ile chupa ni ya nani, na naona mutoto anavyokonda. Siwezi kumuuliza. Nikimuuliza atafikiri namuhukumu. Nataka aje mwenyewe. Kitu kimoja tu nahitaji kwake, ni siku. Siku gani baba yake alikufa, tumusomee hitima kama mutu. Akikuandikia, musukume kidogo kidogo kama vile unajua kumusukuma. Lakini usimwambie mi najua, wala habari ya furaha ya baba yake. Hiyo nitampa mwenyewe na mudomo wangu, siku atanifungulia roho. Ni ya kwangu ya kutoa. Niahidi.

Mama yako,
Zubeda

*

Jabe
12 Agosti 2001

Spès,

Barua yako ya tarehe mosi Julai nimeipata jana, Shaabani alivuka nayo tena ziwa kabla ya kunikuta. Ilikuwa imelowa na kukauka, wino umekimbia, lakini “simama” nimeisoma.

Imechelewa. Nilimimina mara mbili zaidi, Alhamisi zilizofuata, nikiogopa chupa itakauka. Sikujua. Na sasa kuna jambo linalonitisha kuliko yote: chupa haipungui. Mama ameacha kujipaka. Niliweka alama kwa kucha kwenye karatasi ya chupa na kiwango hakijashuka hata unywele. Chupa iliyobaki vidole viwili sasa imejaa karibu hadi shingoni, iko pale kabatini kama inacheka. Mtu yeyote akifungua mlango wa kabati ataona.

Na bado harufu inakuja, Spès. Saa kumi. Hakuna aliyejipaka, dirisha limefungwa kwa sababu ya milio, na inakuja, kwanza nyuma ya mlango, kisha kwenye benchi. Nimenusa kanga ya mama, hainuki kitu, inanuka sabuni ya kipande. Nimenusa mikono yangu. Jana niliinamia benchi nikainusa mbao kama mbwa, na mama akatokea nyuma yangu. “Unatafuta nini, mama?” akaniuliza. Unajua ananiita mama akinionea huruma. Nikasema, “Pini yangu.” Akainama na yeye, tukatafuta pamoja pini ambayo haipo. Alitafuta kwa bidii, Spès, hadi chini ya mkeka. Nilitamani anipige.

Kama alinusa chupa mpya, mbona hasemi? Nimejijibu hivi: hakuelewa. Aliamini ni roho ya baba, na sasa anaogopa manukato. Nikimwambia nitamnyang’anya baba mara mbili. Tena nitalazimika kusema kwa nini alirudi nyuma Kigali. Naweza kusema amekufa. Hilo lingine siwezi.

Nashinda ndani. Chuo kikuu bado hakijatangaza majina yetu, na kupanda hadi chuoni Mutanga kuuliza mama hataki, anasema barabara si nzuri. Nakaa nasoma barua zako za zamani, ile uliyoandika “hukumwua baba yako”. Ulisema sitaiamini. Ulisema kweli.

Mwantum

*

Kigoma
30 Agosti 2001

Mwantum wangu,

Barua hii nimeichana mara nne. Shangazi anasema nimalize karatasi zote za duka halafu nifunge sabuni kwa vidole.

Sina utani leo. Nenda kamwambie mama siku. Siku tu, tarehe tatu mwezi wa tatu. Usiandae hotuba. Fikiria umeitwa ubaoni na swali ni moja: tarehe? Andika tarehe, rudi ukae. Yaliyobaki yataulizwa au hayataulizwa.

Usiogope anachojua na asichojua. Kuhusu hilo usinibane, mimi niko ng’ambo ya ziwa, nitajua nini? Lakini nimekaa kwenye benchi la mama yako jioni nyingi kuliko kwangu, na sijawahi kumwona akimhukumu mtu. Hata mimi nilipovunja birika lake la kahawa alinipa kikombe kingine nishike.

Na jambo moja nimeliwaza. Wewe huombi. Miaka sita dawati moja, hukuniomba hata kifutio, ulikuwa unafuta kwa kidole mpaka daftari linatoboka. Sasa jiulize mtu anayempenda mtu kama huyo, siku moja akaombwa kitu. Je, aligeuza lori kwa uchungu? Au aligeuza huku anapiga honi? Mimi nadhani alipiga honi. Siwezi kukwambia kwa nini nadhani hivyo. Nadhani tu, kwa nguvu.

Mwambie, Mwantum. Kabla ya tarehe ishirini Oktoba, usiniulize kwa nini tarehe hiyo. Sema nimeota.

Spès

*

Jabe
22 Oktoba 2001

Spès mpenzi,

Nimemwambia.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nane, baada ya alasiri. Asubuhi mama alifua kanga zake zote, hata zile za sikukuu, akazitandaza uani kama mtu anayejiandaa kupokea wageni. Nikaogopa. Nilikumbuka ubao wako. Nikatoka chumbani nimeshika koti la baba na kofia yake, nikasimama mbele ya benchi, nikasema, “Tarehe tatu mwezi wa tatu. Jumamosi.”

Basi. Sikuweza zaidi.

Mama alichukua koti akaliweka mapajani. Alilikunjua, akalikunja upya vizuri, mikono kwa ndani. Akauliza, “Wamemuzika?” Nikamweleza yote ya Musafiri, kilima, kahawa, Kibla. Akauliza, “Musafiri ni muzima?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Alhamdulillahi, ana watoto yule.” Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, mwezi kwa mwezi, na midomo inatembea. Alipomaliza alicheka kidogo, cheko la kuchoka. “Basi mi nilitoka eda zamani, mu mwezi wa saba, na sikujua. Haizuru. Nimeikaa.”

Ndipo nikaelewa, Spès. Miezi yote hii alikuwa anakaa eda mbele ya macho yangu, na mimi nilidhani anaogopa risasi kama sisi wote. Nikalia. Yeye alilia baadaye, ndani, amefunga mlango, na nilimsikia akimgombeza baba kwa jina, kwamba kwa nini hakulala Kayanza, kwa nini hasikii akiambiwa. Nilikaa nje ya mlango nikasikiliza kila neno. Ilikuwa kweli, hakulala Kayanza. Lakini sababu iko kwangu.

Jumamosi tulisoma hitima. Walikuja watu wachache, mapema, ili wawahi kurudi. Khadidja alipika. Wageni walipoondoka mama aliniita. Alikuwa ameoga, amevaa kanga ya sikukuu, na chupa mbili ziko mezani, yake iliyojaa na yangu iliyopungua, zimesimama pamoja kama mama na mtoto. Alikuwa amenyanyua godoro mwenyewe.

Akashika ile mpya. Akaniuliza, taratibu sana, “Hii, Mwantum, alikuwa anamletea nani?”

Nilijua hapo ndipo mahali penyewe. Aliniangalia bila kukunja uso, na alisubiri, Spès, alisubiri muda mrefu, kama mtu aliyefungua mlango na hataki kumharakisha mgeni. Nilifungua mdomo. Nikaona nikisema “mimi”, neno la pili litakuwa Kigali, na la tatu litakuwa Kayanza, na kila akijipaka maisha yake yote atanusa sababu.

Nikasema, “Wewe, mama. Ilikuwa yako. Alisema ya zamani inakaribia kuisha.”

Kitu kilipita usoni mwake, sikukijua, nadhani ni furaha. Akasema, “Kweli, aliniahidi.” Halafu, “Basi kama ni yangu naweza kumupa ninayetaka. Lete mikono.”

Akanipaka mimi kwanza. Viganja vyote viwili, nyuma ya masikio, akapitisha kidole kwenye upindo wa kanga yangu. Kisha akajipaka yeye. Tukaenda kukaa kwenye benchi mlangoni, hatumngoji mtu. Limau lilikuja na likaenda. Maua yalikaa. Nilipokwenda kulala shati lile la juani lilikuwa bado mkononi mwangu. Nililala uso juu ya kiganja, na asubuhi nilipoamka lilikuwa limebaki kidogo tu, upande wa ndani, karibu na mshipa.

Harufu ya saa kumi haiji tena yenyewe. Sijui kama nashukuru. Jana niliisubiri nyuma ya mlango.

Uliandika kwamba baba alipiga honi. Nakuomba radhi, siwezi kuamini, ingawa nakupenda kwa kuliandika. Hakuna aliyekuwapo isipokuwa Musafiri, na Musafiri hakusema habari ya honi.

Sasa nakuomba, na unajua mimi siombi. Habari ya Kigali unaijua wewe peke yako. Mama anaamini chupa ilikuwa yake, na nimemwona akiinusa akiwa na amani. Usimwandikie kamwe, usimwambie hata tukizeeka, hata siku atakayokukalisha kwenye benchi lile na kukupa kahawa. Ichome barua ya mwezi wa tano, na hii pia. Mama asijue kwamba ilikuwa yangu. Niahidi, Spès.

Wako,
Mwantum